Wi-Fi inakatika ukifunga kompyuta mpakato na kutumia monita: tafuta chanzo hatua kwa hatua

Umechomeka monita kubwa, kibodi na kipanya viko mahali pake, ukafunga kompyuta mpakato na kuisukuma pembeni ili upate nafasi mezani. Muda si mrefu mkutano wa video unaanza kukwama. Simu yako, iliyo juu ya meza hiyohiyo na kwenye Wi-Fi hiyohiyo, inafungua kila kitu bila taabu. Unainua kifuniko uone kulikoni, na mtandao unarudi kana kwamba hapakuwa na tatizo.

Mimi hali hii ilinila wiki mbili. Nilizima na kuwasha ruta hadi nikachoka, nikawapigia watoa huduma wangu wa intaneti, wakatuma fundi, fundi akapima laini akakuta iko sawa. Ilikuwa sawa kweli. Kilichokuwa kinanisumbua ni kile kidude cha matundu mengi ya USB, habu, nilichokibana ubavuni mwa kompyuta iliyofungwa. Kwa hiyo ombi langu ni moja: kabla hujamlaumu mtu yeyote wa mtandao, pima ukiwa umefungua kifuniko, kisha funga upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo itakayokuonyesha pa kushika.

Kufunga kifuniko kunabadilisha nini

Mambo matatu hubadilika kwa wakati mmoja, na ndiyo maana tatizo hili huwachanganya watu.

La kwanza ni antena. Katika kompyuta mpakato nyingi za Windows, antena za Wi-Fi ni vipande vyembamba vilivyofichwa kwenye fremu ya skrini, mara nyingi upande wa juu. Waya zake nyembamba hushuka kupitia bawaba hadi kwenye kadi ya Wi-Fi iliyo ndani, chini ya kibodi. Skrini ikisimama, antena ziko juu na wazi. Ukifunga, zinalala juu ya kibodi, karibu na betri na bati la chini, na kila chuma kilicho karibu nazo hula sehemu ya mawimbi. MacBook nyingi za alumini zina antena karibu na bawaba badala ya juu ya skrini, hivyo kuzifunga hakuziumizi sana, lakini zitaumia ukizisukuma hadi bawaba ikagusa ukuta au chuma.

La pili ni kelele za umeme kutoka kwenye nyaya za monita na USB. Antena iliyokuwa juu sasa imeshuka hadi usawa wa matundu ya kuchomekea, sentimita chache tu kutoka kwenye kelele hizo.

La tatu ni mfumo endeshi wenyewe. Kufungwa kwa kifuniko ni ishara kwa kompyuta kwamba mwenyewe ameondoka, na inaanza kubana matumizi ya umeme. Kadi ya Wi-Fi inaweza kuwa miongoni mwa vitu vinavyopunguziwa.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Usianze kwa kubadilisha mipangilio. Ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja na tatizo likaisha, hutajua ni kipi kilichosaidia, na likirudi utaanza upya.

Kwenye Windows fungua Command Prompt, dirisha la kuandika amri, uandike:

netsh wlan show interfaces

Angalia mistari ya "Signal", "Channel" na "Receive rate". Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option ubonyeze alama ya Wi-Fi juu ya skrini, utaona RSSI (nguvu ya mawimbi) na Noise (kelele). Kwenye Linux, fungua Terminal uandike `iw dev` upate jina la kadi yako, halafu:

iw dev wlp2s0 link

ukiweka jina la kadi yako badala ya wlp2s0.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm, na namba zake ni hasi. Namba iliyo karibu na sifuri ndiyo nzuri. −50 ni safi kabisa. −67 bado inabeba mkutano wa video bila wasiwasi. Ikishuka hadi −75 utaanza kuona mikwamo, na −80 ni kubahatisha. Ukipoteza dB 10, umebaki na sehemu moja tu ya kumi ya nguvu uliyokuwa nayo. Windows inatumia asilimia, lakini kuzigeuza ni rahisi: 100% ni sawa na −50, 0% ni −100, na katikati hushuka kwa mstari ulionyooka. Hivyo 66% ni −67.

Kipimo cha pili ni kuita ruta yako mfululizo. Andika `ipconfig` kwenye Windows utafute "Default Gateway", au `ip route` kwenye Linux, au `route -n get default` kwenye Terminal ya Mac. Tuseme umepata 192.168.1.1. Andika:

ping -t 192.168.1.1

Kwenye Mac na Linux acha hiyo -t. Kusimamisha, bonyeza Ctrl na C. Ita ruta, usiite tovuti ya mbali. Ruta iko ndani ya nyumba yako. Ikijibu vizuri huku tovuti hazifunguki, tatizo liko nje na mwongozo huu haukuhusu. Isipojibu vizuri, tatizo liko chumbani mwako.

Sasa fanya vipimo hivyo viwili katika hali nne, dakika mbili kila moja, bila kuhamisha kompyuta:

1. Kifuniko wazi, hakuna kilichochomekwa isipokuwa chaja.
2. Kifuniko wazi, monita, habu na vinginevyo vyote vimechomekwa.
3. Kifuniko kimefungwa, vyote vimechomekwa.
4. Kifuniko kimefungwa, chaja peke yake.

Ya nne inahitaji ujanja kidogo, maana huoni skrini. Kwanza iambie kompyuta isilale ikifungwa (njia iko kwenye hatua ya 4), washa ping (hapa kipimo ni hicho peke yake), funga, subiri dakika mbili, fungua, kisha rudi juu kwenye orodha ya majibu ya ping usome yaliyotokea ulipokuwa huoni. Mtumiaji wa Mac aruke hali hii, maana Mac iliyofungwa bila monita hulala tu.

Andika matokeo kwenye karatasi. Kama hali ya 1 ni nzuri na ya 2 tayari ni mbaya, kifuniko hakina kosa: ni kelele za nyaya, nenda hatua ya 2. Kama nguvu ya mawimbi inaporomoka unapofunga, na ping inakwama hata bila monita, ni antena au mahali ulipoiweka, nenda hatua ya 3. Kama nguvu inabaki ileile lakini majibu ya ping yanakatika ghafla baada ya muda fulani, au Wi-Fi inazimika kabisa, ni mipangilio ya umeme, nenda hatua ya 4. Na kama 1, 2 na 4 ni nzuri ila 3 peke yake ni mbaya, ni antena na kelele kwa pamoja. Anza na kelele.

Hatua ya 2: Kelele za nyaya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokwama na ndipo mafundi wengi hawaangalii.

Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha waraka wa kiufundi kuhusu USB 3.0 na vifaa vya masafa ya 2.4 GHz, moja ya bendi mbili ambazo Wi-Fi nyingi hutumia, nyingine ikiwa 5 GHz. USB 3.0 hupitisha data kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde, na kasi hiyo hutoa kelele pana inayofunika pia eneo la kati ya 2.4 na 2.5 GHz. Kelele hizo huvuja kutoka kwenye tundu, kwenye waya, na kwenye kifaa chenyewe kilichochomekwa. Wi-Fi ya 2.4 GHz, Bluetooth na vipanya vingi visivyo na waya vyote vinaishi humo humo. Ukiona kipanya kinarukaruka au vipokea sauti vya Bluetooth vinakwaruza wakati uleule Wi-Fi inapokwama, umeshapata ushahidi mzito.

Waya wa HDMI nao una yake. Monita ya 2560 kwa 1440 kwenye 60 Hz hutumia saa, yaani mdundo wa kutuma picha, ya MHz 241.5. Zidisha kwa kumi, unapata 2415, na chaneli namba 1 ya Wi-Fi, kimojawapo cha vipande vya bendi ya 2.4 GHz, ina kitovu chake 2412. Waya usiokingwa vizuri unaimba juu ya chaneli hiyo. Mwishoni mwa 2019 watumiaji wa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 waligundua kwamba Wi-Fi yao ilikufa kila walipochagua ukubwa huo wa picha, na ilirudi walipochagua mwingine. Monita ya 1920 kwa 1200 hutumia MHz 154. Zidisha kwa 16 upate 2464, karibu kabisa na kitovu cha chaneli 11, ambacho ni 2462. Ile ya kawaida ya 1920 kwa 1080 hutumia 148.5, na vizidisho vyake vya 2376 na 2524.5 vinaangukia nje ya bendi pande zote mbili. Ndiyo maana mtu anaweza kutumia monita ya zamani miaka mitatu salama, akanunua nzuri zaidi, na matatizo yakaanza siku hiyohiyo.

Ukishaelewa hivyo, tiba zinajipanga zenyewe.

Hamia 5 GHz kwanza. Kelele nilizozitaja hazifiki huko kwa nguvu ileile. Kama ruta yako inatangaza majina mawili, chagua lile la 5 na uiambie kompyuta isahau lile lingine, la sivyo itarudi huko yenyewe. Kama jina ni moja, ingia Device Manager, fungua kadi ya Wi-Fi, sehemu ya "Advanced". Kadi nyingi za Intel zina mstari wa "Preferred Band" unaokuwezesha kupendelea 5 GHz. Unatumia simu kama ruta? Kwenye Android mipangilio ya hotspot huwa na chaguo la bendi. Kwenye iPhone 12 na za baadaye zima "Maximize Compatibility", kwa sababu ikiwa imewashwa simu hutangaza 2.4 peke yake.

Kuna nyumba ambazo 5 GHz haitoshi. Kuta za tofali za saruji na nguzo za zege huizuia kuliko zinavyozuia 2.4, na ruta ikiwa sebuleni nawe uko chumba cha mwisho, utaona −80. Hapo baki na 2.4 lakini uingie kwenye ruta uchague chaneli wewe mwenyewe. Chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Epuka 1 ukiwa na monita ya 2560 kwa 1440, epuka 11 ukiwa na ya 1920 kwa 1200.

Kisha sogeza habu. Waya wa kurefusha wa nusu mita unafanya kazi kubwa kuliko bei yake. Habu yangu niliihamishia nyuma ya mguu wa monita na mtandao ukatulia. Kidude cha kipanya kisicho na waya kichomeke mbali na tundu lenye diski au flashi ya USB 3, ikibidi kwa waya wake wa kurefusha, kisogee karibu na mkono wako.

Mwisho jaribu waya wa monita. Shusha ukubwa wa picha hadi 1920 kwa 1080 kwa dakika mbili tu huku ping ikiendelea. Mikwamo ikiisha, mshitakiwa ni waya au kigeuzi. Nunua waya mfupi uliokingwa vizuri, au tumia DisplayPort, aina nyingine ya tundu la picha, kama monita yako inayo. Vigeuzi vya bei ya chini kabisa vya kutoka USB-C kwenda HDMI mimi nimeacha kuvinunua; mara nyingi kinachopunguzwa ili bei ishuke ni ile kinga ya chuma ya ndani.

Hatua ya 3: Antena na mahali pa kuweka kompyuta

Watu wakishafunga kompyuta huitafutia maficho: nyuma ya monita, kwenye droo, chini ya meza ya chuma. Nyuma ya paneli ya monita kuna bati, na kompyuta iliyoegemezwa hapo imejengewa ukuta. Itoe pembeni, juu ya mbao au plastiki, upande wenye antena ukiwa wazi kuelekea ruta. Kwa kompyuta yenye antena juu ya skrini, upande huo ukiifunga ni ule wa mbele, unapoishika kuifungua.

Kwenye stendi ya kusimamisha wima, kanuni ni hiyo hiyo: upande wa antena uangalie juu. Lakini tazama kwanza hewa ya moto inatokea wapi. Kompyuta nyingi hupumulia kwenye bawaba, na ukiisimamisha bawaba ikiwa chini umeiziba pua. Joto likizidi kompyuta hupunguza kasi, na utadhani ni mtandao. Ikibidi uchague, chagua hewa.

Kama nafasi ya meza inaruhusu, njia ninayoipenda kuliko zote ni kutoifunga kabisa. Iweke pembeni ikiwa wazi, bonyeza kitufe cha Windows na P, chagua "Second screen only". Skrini yake inazimika, antena inabaki juu, hewa inapita, na mfumo hauna habari ya kulala.

Neno kwa wenye kompyuta za mtumba au zilizowahi kufunguliwa. Kama nguvu ya mawimbi inapanda na kushuka unapochezesha kifuniko taratibu, bila kitu kingine kuchomekwa, shuku waya wa antena. Unapita kwenye bawaba na hukunjwa kila siku. Baada ya miaka unaweza kuchubuka au kukatika. Vilevile, vichwa vyake vinavyobanwa kwenye kadi ni vidogo kuliko punje ya mchele, na fundi aliyebadilisha skrini au betri anaweza kusahau kukirudisha kimoja. Mwombe fundi avikague vyote viwili kabla hujakubali kununua kadi mpya.

Hatua ya 4: Umeme na usingizi

Kwenye Windows ingia Control Panel, Power Options, halafu "Choose what closing the lid does". Kuna safu mbili, ya betri na ya chaja. Weka "Do nothing" kwenye zote mbili. Wengi huweka ya chaja tu, halafu siku chaja haijakaa vizuri kwenye tundu kompyuta inalala na wanaishangaa.

Halafu kwenye Device Manager fungua kadi ya Wi-Fi, sehemu ya "Power Management", uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Kwenye mipangilio ya kina ya umeme tafuta "Wireless Adapter Settings" uweke "Maximum Performance", pande zote mbili tena. Kama sehemu hizo huzioni, andika `powercfg /a`. Ukiona "S0 Low Power Idle", kompyuta yako inatumia aina mpya ya usingizi ambayo mara nyingi huzificha. Tegemea zaidi mpangilio wa kifuniko na draiva (programu inayoendesha kadi) mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta.

Kama bado hujui Wi-Fi inakatika saa ngapi na kwa nini, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

netsh wlan show wlanreport

Itatengeneza ripoti ya siku tatu zilizopita, yenye kila kukatika, muda wake na sababu iliyorekodiwa. Linganisha saa hizo na saa ulizofunga kifuniko.

Kwenye Linux faili ni /etc/systemd/logind.conf. Kwa kawaida `HandleLidSwitchDocked` ni `ignore`, yaani monita ya nje ikiwepo kompyuta haijali kifuniko. Tatizo huja monita ikizimwa na kuhesabiwa kama imeondoka: sasa kanuni ya `HandleLidSwitch` inashika, na kompyuta inaweza kulala. Weka `HandleLidSwitch=ignore` kisha uwashe upya. Kwa kadi yenyewe, angalia `iw dev wlp2s0 get power_save`. Ikiwa imewashwa, tengeneza faili ndani ya /etc/NetworkManager/conf.d/ lenye mistari hii miwili, kisha washa upya NetworkManager:

[connection]
wifi.powersave = 2

Mac inapofungwa inataka chaja, kibodi na kipanya vya nje. Chaja ikichomoka, kwa kawaida inalala.

Hilo linanipeleka kwenye umeme unaokatika. Umeme ukienda, monita inazimika, ruta inazimika, na kompyuta inahamia mipangilio ya betri, ambayo mara nyingi hubana Wi-Fi zaidi. Umeme ukirudi, ruta huchukua dakika kadhaa kuamka, na kompyuta iliyofungwa inaweza kujiunga na mtandao mwingine inaoukumbuka, kwa mfano hotspot ya simu uliyoiwasha gizani. Kabla ya kuanza uchunguzi upya, hakikisha iko kwenye mtandao gani. UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, pia inafaa kuwa nayo.

Angalia na sumaku. Kompyuta hujua imefungwa kwa kihisi cha sumaku, kwa hiyo simu yenye kava la sumaku, au kompyuta nyingine uliyoipandisha juu, inaweza kuiambia imefungwa hata kama iko wazi.

Hatua ya 5: Kama unatumia doki yenye waya wa LAN

Doki ni kituo cha mezani cha kuunganishia kompyuta na vifaa vyake. Kompyuta nyingi za ofisini huwa na mpangilio ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, unaozima Wi-Fi mara waya wa LAN (wa mtandao) unapochomekwa. Kwenye HP za biashara unaitwa "LAN/WLAN Auto Switching", kwenye Dell "Control WLAN radio". Doki yako ikiwa imechomekwa waya wa LAN ambao upande wa pili haufiki kwenye intaneti, utabaki huna waya wala Wi-Fi, na alama yake itakuwa imepotea kabisa. Chomoa waya huo kwanza. Alama ikirudi, ingia BIOS uzime mpangilio huo, au umwombe mtu wa TEHAMA kazini kwako kama BIOS ina nywila.

Na kama ruta inafikika, geuza jambo hilo liwe faida: vuta waya wa LAN ulio hai hadi kwenye doki, na suala zima la antena, chaneli na kifuniko linaisha. Isipowezekana, nunua kadi ya Wi-Fi ya USB yenye 5 GHz, uichomeke kwa waya wa kurefusha wa mita moja, uiweke juu ya monita inakoiona ruta, kisha uzime kadi ya ndani kwenye Device Manager ili zisishindane.